Mnunuzi Asiyepokea Simu

Watoto wa shule tatu za mtaa ule walivaa masweta yaliyotoka mikononi mwake, na hakuna hata mmoja aliyelijua jina lake halisi. Walimwita Bi Sweta. Wazazi wao nao wakamwita hivyo, na baada ya miaka kumi na tisa hata mumewe alilitumia jina hilo akitaka kumtania. Mashine yake ya kufumia ilikaa sebuleni chini ya dirisha, ndefu kama benchi la zahanati, sindano mia mbili zimejipanga kama meno ya kitana. Juu yake kulikuwa na kigari cha chuma ambacho mfumaji hukisukuma kwenda na kukivuta kurudi, na kila mwendo ni mstari mmoja wa sweta. Mkono mmoja wa sweta la mtoto wa darasa la kwanza ulitaka miendo mia moja na kumi. Bega lake la kulia lilikuwa limeibeba yote.

Bega ndilo lililogoma kwanza. Ikafika mahali hata kuchana nywele ilibidi ainamishe kichwa kuufuata mkono. Halafu shule zikaanza kununua masweta ya dukani, yanayokuja kwenye marobota yakiwa yamekunjwa tayari, kola zote sawasawa. Bado alikuwa akijikongoja na wateja wachache, mpaka macho ya mumewe yalipoingia ukungu.

Mumewe alikuwa dereva wa lori. Funguo alishazirudisha kwa tajiri, lakini watu waliendelea kumwita Dereva. Ulikuwa mtoto wa jicho, macho yote mawili. Daktari alisema ni kazi ya asubuhi moja, mgonjwa anapasuliwa na kurudi kwake jioni. Akaandika tarehe kwenye kadi, na chini ya tarehe akaandika gharama.

"Ni nyingi?" Dereva aliuliza walipotoka nje, amemshika mkewe kiwiko.

"Ya kawaida tu."

"Ya kawaida kwa nani?"

Walipofika nyumbani Bi Sweta alisimama mbele ya mashine muda mrefu, kisha akampigia simu shemeji yake.

Shemeji yake, mdogo wa Dereva, alikuwa na kibanda cha simu kuukuu sokoni, na aliyajua mambo ya mtandaoni kuliko alivyowajua ndugu zake. Alikuja kesho yake, akaipiga mashine picha pande zote, akaiweka kwenye ukurasa wa matangazo ambako watu huuza kila kitu kuanzia vitanda hadi viwanja. Akaandika bei, laki saba, namba ya simu, na mahali: nyuma ya kituo cha mafuta, uliza Bi Sweta. Kisha akavuta kigoda.

"Sasa shemeji, nisikilize vizuri. Kuweka tangazo ni kama kuacha mlango wazi. Wataingia wanunuzi na watakuja matapeli, na tapeli ndiye atakayetangulia, maana yeye hana kazi nyingine."

"Nitamjuaje?"

"Hana haraka ya kuuliza, ana haraka ya kulipa. Mtu wa kweli anabishana bei mpaka unamchukia. Asiyebishana mkimbie. Anayesema yuko mbali, atamtuma mtu aje kuchukua, mkimbie. Na yule ambaye ukimpigia hapokei, anataka kuandikiana tu, huyo usimjibu hata salamu. Hataki usikie sauti yake. Akikutumia meseji ya malipo usiamini meseji, angalia salio lako mwenyewe. Na hata ukiona salio limeingia, nenda kwa wakala utoe hela mkononi kwanza, mzigo baadaye."

"Makubwa," alisema Dereva kutoka kwenye kiti chake. "Sisi tulikuwa tunauza ng'ombe kwa kupeana mikono."

"Ndiyo maana ulikuwa unarudi na kamba tupu, kaka."

Wakacheka. Bi Sweta hakucheka sana. Alichukua kipande cha boksi akayaandika yale maneno kwa kalamu ya rangi, akakiegemeza kwenye kabati pale anapokaa.

Siku tatu za mwanzo zilimpa kichwa. Aliandika mtu mmoja kwamba yeye ni nahodha wa meli, yuko safarini, anataka kumzawadia mama yake mashine, na atalipa mara mbili ya bei kwa sababu ya usumbufu. Alichohitaji ni namba ya siri itakayoingia kwenye simu ya Bi Sweta. Bi Sweta alimsomea mumewe kwa sauti, wakamsindikiza nahodha kwa kicheko. Mwingine alituma meseji kwamba amekwisha lipa, jina la kampuni ya simu likiwa limekosewa herufi mbili. Aliangalia salio, hakukuta kitu. Akamwandikia, "Jifunze kuandika kwanza." Alijisikia vizuri kuliko alivyojisikia kwa mwezi mzima. Majirani wakapata habari. Fundi wa pikipiki aliyekuwa na banda lake pale kona alimwambia, "Wakikusumbua, mama, piga kelele tu. Sisi tupo."

Siku ya nne akaandika mwanamke.

*Shikamoo mama. Mashine bado ipo? Ina kitanda cha pili cha kufumia kola? Kuna sindano zilizokatika?*

Bi Sweta akajibu kwamba kitanda cha pili kipo, sindano zilizokatika ni nne, na za akiba anazo.

*Bei nimeikubali. Mimi niko mbali kidogo. Nitamtuma kaka yangu na gari, aje na pesa.*

Alitazama kile kipande cha boksi. Hajabishana bei. Yuko mbali. Anamtuma mtu. Akaipiga ile namba. Ikaita, ikakatwa. Akaipiga tena, safari hii ikapokewa, akasikia pumzi, na kitu kama mluzi wa redio mahali fulani nyuma, halafu ikakatika.

*Samahani mama siwezi kuongea na simu. Mimi ni kiziwi. Tuandikiane tu.*

"Ehe!" Bi Sweta alipiga paja. "Sikiliza huyu. Eti kiziwi. Leo kiziwi, kesho atakuwa kipofu."

Alipogeuka akakuta mumewe ameelekeza uso dirishani, kama mtu anayeangalia nje.

"Sikuwa na maana hiyo."

"Najua. Lakini tapeli anauliza sindano zilizokatika ni ngapi?"

"Wamesoma, Dereva. Hii ndiyo kazi yao."

"Kitanda cha pili cha kola. Mimi nimelala nyumba moja na hiyo mashine miaka kumi na tisa, na jina hilo ndiyo kwanza nalisikia."

Hakumsikiliza. Alikwisha onja utamu wa kuwashinda matapeli, na huyu alikuwa amejaa alama zote kuanzia ya kwanza hadi ya mwisho. Akaandika: *Tafuta wajinga wengine. Ukiziwi wako kamdanganye mama yako.* Meseji zikaja mfululizo, tano, sita, kwamba si uongo, kwamba kaka keshaondoka na gari la kukodi, tafadhali mama. Akajibu neno moja, *Asije*, akaigeuza simu kifudifudi.

Kaka alikuja saa tisa mchana.

Pikapu ilisimama nje, mlango ukabishwa, na sauti ya kijana ikasema, "Hodi wenyewe! Nimetumwa na dada yangu. Nimefuata mashine."

"Nimeshasema usije!" Bi Sweta alijibu akiwa ndani. "Ondoka!"

"Mama, nimetoka mbali. Pesa ninayo, hii hapa. Fungua uhesabu mwenyewe."

"Ondoka hapa kwangu!"

"Mfungulie," Dereva alisema kwa sauti ya chini. "Huyo mtu amechoka tu. Msikilize anavyoongea."

Yule kijana alisogea dirishani. Alikuwa na bahasha nene mkono wa kulia na simu mkono wa kushoto, na ili aonyeshe kwamba hana ujanja akaupitisha ule mkono wenye bahasha katikati ya nondo za dirisha, juu kabisa ya mashine. Bi Sweta aliuona mkono wa mwanamume umeingia ndani ya nyumba yake. Bahasha hakuiona. Akapiga yowe.

"Mwizi! Mwizi jamani!"

Walikuja wengi na walikuja haraka. Fundi wa pikipiki alikuwa wa kwanza, na spana yake bado mkononi. Kijana alijaribu kusema. Sauti yake ilisikika mara mbili, "Sikilizeni, jamani, sikilizeni," kisha ikamezwa. Ndani, Dereva alikuwa amesimama, mikono yake inapapasa ukuta akitafuta mlango wa nyumba yake mwenyewe, anasema, "Waambie waache. Waambie waache, we mwanamke, waambie."

Bi Sweta alipofungua mlango kitu cha kwanza alichokiona ni simu, chini, kwenye vumbi, kioo kimepasuka pembeni na bado kinawaka. Ndani ya kioo kulikuwa na uso wa mwanamke. Alikuwa amefungua mdomo, na mikono yake ilikuwa ikienda mbele ya uso, upesi upesi, inakatika, inarudia alama ileile, inagonga kifua, inarudia tena. Hakuna sauti iliyotoka. Alikuwa anawasihi watu ambao hakuna hata mmoja aliyemtazama.

Bi Sweta alijitupa katikati ya miguu. Alipigwa kiwiko cha shavu kabla hawajamtambua.

"Si mwizi! Nimekosea! Muacheni, nimekosea!"

Waliacha mmoja mmoja, kwa shingo upande, kama watu walionyang'anywa sahani. Fundi wa pikipiki aliitazama spana yake. "Si wewe uliyepiga kelele?" aliuliza, na kweli alitaka ajibiwe.

Bahasha ilikuwa imepasuka. Noti zilizobaki zilikusanywa, na kila mtu aliona kwamba zilizobaki hazikuwa zote. Kijana alikaa ameegemea tairi la pikapu, jicho limefumba, mkono mmoja ameupakata kama mtoto mchanga. Bi Sweta alimletea maji, hakuyapokea. Akamwambia aichukue mashine kwa nusu bei. Akamwambia aichukue bure. Wakati anayasema hayo alikuwa akilia na aliyamaanisha, kadi ya daktari na yote.

"Kaa nayo, mama," kijana alisema.

Yule dereva wa pikapu ya kukodi, ambaye muda wote alikuwa amejifungia ndani ya gari, ndiye aliyempakia na kumpeleka zahanati.

Siku zilizofuata Bi Sweta hakutoka nje ila kwa jambo la lazima. Alimwandikia yule mwanamke asubuhi, akamwandikia mchana. *Nisamehe mwanangu. Kaka anaendeleaje? Mashine nimekuwekea.* Meseji zilikwenda na hazikusomwa. Siku ya tano hata picha yake ilikuwa imetoweka, pamebaki duara la kijivu, alikuwa amemfungia. Dereva hakumlaumu kwa neno. Alisema mara moja tu, wakati wa chai, "Nilimsikia anavyoanguka," akaendelea kunywa.

Bi Sweta alikichoma kile kipande cha boksi. Tarehe ya daktari ilikuwa imebakiza siku tisa.

Ndipo wakaja wale wawili. Walipiga simu kwanza, wakapokea walipopigiwa. Waliuliza kama ni saa nzuri kuja. Walikuja kwa miguu kutoka barabarani, mwanamume mwenye mvi chache na mkewe aliyevaa vizuri bila kujionyesha, wakavua viatu mlangoni pasipo kuambiwa. Walimsalimu Dereva kwanza. Mwanamume alipogundua kwamba mwenyeji haoni, aliufuata mkono wake pale ulipokuwa, akaushika.

"Pole, kaka. Ni ukungu? Mama yangu mzazi alipasuliwa, siku ya pili alikuwa anachambua mchele."

"Usinitie tamaa," alisema Dereva, lakini uso wake ulifunguka.

Walitaka mashine kwa ajili ya binti yao aliyemaliza mafunzo ya ushonaji. Yule mama mgeni akakaa, akasukuma kigari, akakosea, akacheka. Bi Sweta akamwelekeza. Walibishana bei. Walibishana vizuri, kwa utani, wakashusha mpaka laki sita na nusu, kama watu wanaoijua taabu ya kuipata hela hiyo. Mwanamume akatoka nje kidogo kuongea na simu, "nimuulize binti," akarudi, akasema, "Tunatuma sasa hivi, dada. Angalia kwako."

Simu ikalia. Bi Sweta hakuiamini meseji. Aliangalia salio mwenyewe, tarakimu kwa tarakimu, na laki sita na nusu zilikuwepo. Jina la aliyetuma lilikuwa la mwanamke.

"Hilo ni jina la binti," yule mama mgeni alisema. "Hela amezishika yeye."

Hapo alikumbuka. Nenda kwa wakala utoe mkononi kwanza. Alisimama na simu yake mkononi. Wakala alikuwa mbali, ng'ambo ya kituo cha mafuta, na wageni wake walikuwa wamekwisha vaa viatu; kijana wa mkokoteni walikuwa wamekwisha mwita. Alimtazama mumewe, kwa mazoea, kana kwamba angeweza kumkonyeza.

"Imeingia?" Dereva aliuliza.

"Imeingia. Ila shemeji alisema nikatoe kwanza—"

"Imeingia au haijaingia?"

"Imeingia."

"Basi waache waende zao. Tumemdhalilisha mtu mmoja, yatosha. Usiwaweke watu wazima kwenye jua kama watuhumiwa."

Mwanamume akasema kwa upole, "Hapana, kaka, kama dada ana wasiwasi tutasubiri," na ndilo neno lililomaliza wasiwasi wa Bi Sweta. Aliwasaidia kuifunga mashine kwa shuka lake mwenyewe, ili kigari kisigongwe. Akawapa sindano za akiba zote. Mkokoteni ukakata kona.

Alikwenda kwa wakala baada ya nusu saa, kwa sababu alitaka kwanza kufagia pale mashine ilipokuwa. Wakala alijaribu mara tatu. "Imezuiwa, mama. Hela ipo lakini haitoki. Mwenye kutuma amelalamika."

Wakati bado amesimama pale dirishani, simu yake ikalia. Namba ngeni. Akapokea.

"Nirudishie hela yangu," sauti ya mwanamke ilisema, inatetemeka. "Mama, usikate. Nakuomba usikate. Mimi nina genge la matunda tu, hilo friji nimelichangia miaka miwili. Mmenitumia picha ya friji, mmesema nilipe kwenye namba hii, sasa mwenye friji hapokei simu. Wewe ni mwizi lakini una utu, si ndiyo? Una utu?"

"Sijakutumia picha ya friji," Bi Sweta alisema.

"Mwizi wewe!" mwanamke akapiga kelele. "Mwizi!"

Kituoni, askari aliyeandika maelezo yake alikuwa na kikohozi na hakuwa mkali. Alimchorea kwenye karatasi, kama anamwelekeza njia. Huku yuko mwenye genge, anatafuta friji mtandaoni. Huku uko wewe, unauza mashine. Katikati wako wao. Kwa mwenye genge wanajifanya wauzaji, kwako wanajifanya wanunuzi. Wanampa namba yako alipie. Yeye anatoa hela, wewe unatoa mashine.

"Hela ni ya kweli kabisa," askari alisema. "Ndiyo maana salio lilikuwepo. Ila si yao."

"Mashine itapatikana?"

Askari alikohoa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. "Majina yao unayajua?"

Hakuyajua. Alijua kwamba mama wa yule mwanamume alichambua mchele siku ya pili. Alijua namna walivyovua viatu. Namba waliyompigia ilikuwa imesajiliwa kwa jina la mtu aliyefariki miaka mitatu iliyopita.

Shemeji yake alipofika alikuwa anafoka kabla hajaketi. Asisaini kitu, alisema. Hela iko kwenye namba yake, naye ameibiwa kama mwenzake. Wagawane nusu kwa nusu, angalau operesheni ya jicho moja. Askari alikubali kwamba anaweza kugombea, itachukua miezi, na wakati huo hakuna atakayeigusa. Mwenye genge alikuwa amekaa benchi la pili, mwanamke mnene mwenye aproni, aproni ambayo alisahau kuivua. Alikuwa amekwisha elezwa na alikuwa ameacha kutukana. Alikuwa anaangalia mikono yake.

Bi Sweta alisaini mwenye genge arudishiwe zote.

"Shemeji!" alisema yule mdogo wa Dereva.

"Nimelisikia hilo neno likitoka kwangu," alisema, "na nimelisikia likinijia. Sitaki kulisikia tena."

Tarehe ya daktari ilikuwa Jumatatu. Jumatatu hiyo walikaa nyumbani. Dereva alijifunza kumimina chai kwa kuweka ncha ya kidole ndani ya kikombe, na alijiunguza. Watu wa hospitali walipiga simu kuuliza kama wanakuja, wakasema watampangia nyingine akiwa tayari, na daktari aliwahi kuwaambia kwamba mtoto wa jicho akikaa sana anakomaa na kumtoa kunakuwa kugumu. Dereva alisema, "Ni mimi niliyewaambia waende." Alikuwa akiyasema hayo kila siku, wakati mwingine katikati ya maongezi mengine, na mkewe aliacha kumjibu kwa sababu majibu yote alikwisha yatumia. Bi Sweta alipata kazi ya kupiga pasi kwa dobi. Bega lililokataa kigari lilikubali pasi, kwa maumivu, kwa kuwa halikuulizwa.

Kwa yule mwanamke asiyesikia alikwenda mwezi uliofuata. Yule dereva wa pikapu ndiye aliyemwelekeza, baada ya kumtafuta sana. Ilikuwa chumba kimoja nyuma ya ghala la mbao, mlango wazi, na ndani wanawake saba wamekaa kwenye mikeka wanafuma kwa mkono, sindano ndefu za chuma zinagongana. Zaidi ya mgongano huo palikuwa kimya kabisa. Ukutani walikuwa wamebandika picha waliyoichapisha kutoka kwenye tangazo, mashine yake, imepigwa kutoka upande wa dirisha. Chini ya picha palikuwa na majina saba, na mbele ya kila jina alama za tiki za michango yake, mistari na mistari.

Alimtambua mara moja kwa mikono yake. Naye akatambuliwa, maana wale wengine wote waliacha kufuma kwa pamoja.

Nyuma ya pazia lililogawa chumba aliona miguu ya mwanamume. Alisema kwa sauti, "Nimekuja kuomba radhi," na miguu haikusogea. Huyu alikuwa anasikia. Bi Sweta alijua kwamba anasikia.

Mwanamke alisimama. Hakuwa na hasira usoni. Alitazama nyuma ya Bi Sweta, mlangoni, akapiga hatua akachungulia nje, kulia na kushoto, kisha akarudi akachukua daftari na kalamu. Aliandika akamgeuzia.

*Umeileta mashine?*

Bi Sweta alichukua kalamu. Herufi zilimtoka vibaya, kama za mtoto anayeanza shule. *Imeibiwa.*

Mwanamke alisoma. Aliwapa wenzake daftari, likapita mkono kwa mkono, mikeka yote, na aliyelisoma wa mwisho akalirudisha. Yule mwanamke akaliangalia tena kama vile huenda limebadilika njiani. Halafu akaandika chini yake neno moja.

*Pole.*

Alimletea kiti na maji. Bi Sweta alikunywa yote, taratibu, kwa kuwa hakujua afanye nini maji yakiisha. Yalipoisha akaaga kwa kuinamisha kichwa. Mmoja wa wale wanawake alikuwa amesimama kwenye kigoda, anaibandua picha ukutani kwa uangalifu, pembe moja moja, asichane rangi ya ukuta.

Nje kulikuwa na jua kali na vumbi la mbao. Alitembea mpaka barabarani, akaacha gari la kwanza lipite, akaacha na la pili. Alifika kwake saa kumi na moja, akampikia mumewe, akamwelekeza sahani iko wapi.

"Wamesemaje?" Dereva aliuliza.

"Wamenipa maji," alisema. Akaenda kufua nguo ya kazini ya kesho.